Maji ya Moto Kadiri Unavyovumilia

Jumatatu, 6 Oktoba

Mashati manne ya shule, sketi moja, pindo la suruali ya mwalimu. Mvua asubuhi, ikakatika saa nne. Nimemaliza jagi zima la maji kabla ya adhuhuri na kiu haijaisha. Msalani mara sita. Uzee huo.

Kucha ya kidole gumba cha mguu wa kulia imezidi. Njano katikati, kahawia pembeni, nene kama kifungo cha koti. Nikiikwangua inatoa unga. Haiumi, ndiyo maana niliiacha. Zaina alikuwa akinikata kucha kila Ijumaa kabla sijaenda msikitini. Tangu mke wangu huyo afariki mwezi wa pili sikuzigusa mpaka soksi ilipotoboka.

Naandika nyuma ya daftari la vipimo. Mbele ni viuno na mabega ya watu wa mtaa wetu, Gikondo. Huku nyuma hafungui mtu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Msikitini, mahali pa kutawadha. Nilivua soksi, nikaweka mguu chini ya bomba. Jirani yangu, mtu mzima, muuza vipuri, akaitazama kucha. Akainuka, akaenda bomba la mwisho.

Nilisali nikiwaza zulia. Watu wangapi wanalikanyaga miguu mitupu.

Saidi anauza uturi na mafuta ya habasoda mlangoni pa msikiti. Tunajuana tangu ujana. Aliniita pembeni akaniambia hiyo ni fangasi, na fangasi inahama. Alisema kwa upole. Niliona aibu vilevile.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sikwenda msikitini. Nilisali dukani, mlango nimeurudishia.

Niandike hili ili nisijidanganye. Kaka yangu Yusufu walianza na kucha. Waliing'oa hospitalini, wakafunga bandeji. Mwezi uliofuata wakakata kidole. Halafu mguu, chini ya goti. Halafu tukamzika. Watu walisema ilikuwa sukari. Mimi nilichokiona ni koleo.

Kwa hiyo hakuna atakayeng'oa kucha yangu. Mguu huu ndio unaokanyaga cherehani, miaka thelathini na mbili sasa. Zaina hayupo. Binti yetu Shamim ameolewa. Wakichukua na mguu, sijui nitakaa nikifanya nini kutwa nzima.

Dawa zisizo na kisu zipo. Nitazitafuta.

Jumapili, 12 Oktoba

Shamim alikuja kutoka Kagarama na isombe, kisamvu cha huku, na samaki. Binti yangu huyu macho yake kama ya mama yake, hayapiti kitu. Nilivaa soksi na viatu vya kufunga tangu asubuhi. Alisema nimekonda. Nikamwambia isombe yako ndiyo itaninenepesha. Hakucheka.

Alipoondoka nilijipima. Kiuno inchi thelathini na tatu. Mwaka jana thelathini na sita. Nimejiandika ukurasa wa mbele, kama mteja.

Jumatatu, 13 Oktoba

Dawa ya kwanza. Mama Aline, muuza mboga wa kibanda cha pili, kakulia Uganda na Kiswahili chake amekiokota njiani. Aliniona nikikwangua kucha kwa mkasi wa kukatia uzi. "Yoo, Muzee! Hii kidole iko namna gani? Ngoja, nakuletea umuravumba. Unatwanga, unaweka juu, unafunga. Iko nguvu sana."

Akaleta majani yenyewe, fungu zima, bado yana umande. Nimetwanga, nimefunga kwa kipande cha bitana. Yananukia vizuri. Bora kuliko uturi wa Saidi.

Jumatano, 15 Oktoba

Umuravumba siku tatu. Kucha imekuwa kijani juu ya unjano. Nimeacha.

Nimejaribu kitunguu saumu, kimesagwa. Wateja wawili wamekunja pua wakidhani ni chakula changu. Nimejaribu habasoda. Nimejaribu ile dawa ya kuchua kifua. Kidole sasa kinapumua vizuri kuliko mimi.

Mwishowe duka la dawa. Binti wa pale akanipa kichupa chenye brashi ndogo, mfano wa rangi ya kucha ya wanawake. Nipige tupa kwanza, nipake mara moja au mbili kwa wiki, mwaka mzima, huenda na zaidi. Mwaka! Kisha akauliza kama nimewahi kupima sukari. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya kucha, sikuja kunywa chai.

Nimepaka mara moja. Nimekiweka kichupa rafuni nyuma ya makopo ya vifungo.

Jumamosi, 18 Oktoba

Jambo la ajabu. Nilikwenda Sonatubes kununua zipu, nikarudi kwa pikipiki. Nilipoteremka hapa, mguu wa kulia hauna kandambili. Mwenye pikipiki ndiye aliyeniambia. Nilikaa njia nzima na mguu mtupu na sikujua.

Nikamwambia Mama Aline kandambili ilikuwa pana. Si kweli. Ninajua vipimo. Ilikuwa inanibana.

Jumanne, 21 Oktoba

Saidi ana dawa nyingine. Siki kikombe kimoja, maji vikombe vinne. Dakika ishirini kila siku. Ameisikia kwa mtu wa Bukoba, na kucha ya mtu huyo imetoka mpya kabisa, nyeupe. Maji yawe ya moto, kadiri unavyovumilia. Alirudia hapo. Moto ndio unaofukuza fangasi, siki inafunga mlango.

Nimenunua siki chupa mbili.

Jumatano, 22 Oktoba

Saa nane, wateja hakuna. Nilichemsha birika kwenye jiko la mkaa nyuma ya duka. Nilianza na maji ya uvuguvugu, nikaona ni mchezo wa watoto. Nikaongeza. Nikaongeza tena. Mvuke ulikuwa unanipanda usoni na siki inaniwasha macho. Mguu kimya.

Nilivumilia dakika zote ishirini nikisikiliza redio. Nilijisifu, niseme kweli. Nikasema Saidi hangeweza hata tano.

Nilipoutoa ulikuwa mwekundu mpaka juu ya kifundo. Nikasema ni damu inatembea.

Alhamisi, 23 Oktoba

Lengelenge juu ya mguu, kubwa kama kiganja. Na nyuma ya vidole. Asubuhi lilipasuka kwenye soksi. Ngozi ilikuja mkononi, kama utandu wa maziwa.

Haikuuma.

Hapo ningepaswa kuogopa. Sikuogopa. Niliitazama ngozi ile nikaitupa kwenye pipa la vipande vya vitambaa, nikashona zipu ya gauni. Tangu Februari niko hivyo. Siku tuliyomzika Zaina nilikumbuka kumaliza suti ya mtu. Sioni tofauti ya mguu na kwingineko.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimepata suluhisho la msikiti. Saidi anauza soksi za ngozi, nyeusi, zinafika juu ya kifundo. Ukizivaa ukiwa na udhu, huna haja ya kuvua ili kuosha miguu. Unapangusa juu yake kwa mkono wenye maji, basi. Mchana mmoja na usiku wake. Ni ruhusa ya dini, wala si ujanja wangu.

Nimezivaa leo. Nimekaa karibu na muuza vipuri na nikapangusa taratibu ili anione. Sala ya kwanza ya Ijumaa tangu aibu ile. Nilifurahi kidogo, nadhani.

Jambo zuri la soksi hizi ni kwamba hakuna anayeuona mguu. Hata mimi.

Jumamosi, 25 Oktoba

Umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Mtaro wa barabara ya chini ulijaa tope na chupa. Nilivaa mabuti ya mpira juu ya soksi za ngozi, nikachota tope saa mbili na nusu pamoja na wenzangu. Baadaye mkutano, tukasimama juani.

Mama Aline kaniuliza kwa nini nachechemea. Sikujua kama nachechemea.

Jumanne, 28 Oktoba

Kila siku zinapokwisha saa za ruhusa navua soksi, namwaga maji mguuni, navaa tena. Naosha bila kutazama. Naangalia ukutani ilipo kalenda.

Siki nimeacha. Kucha sijui ikoje.

Baridi mwilini tangu jana. Nimeshona nikiwa na sweta mabegani.

Alhamisi, 30 Oktoba

Suruali mbili tu. Nimechoka. Maji majagi mawili.

Kuna harufu dukani.

Jumapili, 2 Novemba

Shamim aliingia na bakuli, akasimama mlangoni. "Baba, kuna panya amekufa humu."

Nami nilikuwa na wazo hilohilo tangu Alhamisi. Tukamtafuta. Tulisogeza kabati. Tulitoa marobota ya vitenge moja moja. Alipiga magoti akafagia chini ya cherehani, akatoa pini, vifungo, kipande cha chaki, na mkasi mdogo wa mama yake uliopotea. Panya hakuna. Harufu haikupungua. Nilikaa kwenye kiti ili apite na ufagio, naye akabaki pale chini, uso wake karibu na mguu wangu.

Hakuniuliza. Alivuta soksi ya ngozi. Ilitoka na vitu.

Sijapata kumsikia mwanangu akitoa sauti ile, hata siku ya msiba. Mimi nilitazama kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi. Juu ya mguu palikuwa pamebanduka, pa kijivu, panachuruzika. Kidole kidogo cheusi. Kucha ipo palepale, njano yake ileile, imekaa kama mgeni asiyeaga.

Nikamwambia haiumi. Nilifikiri namfariji. Akalia zaidi.

Jumatatu, 3 Novemba

Kituo cha afya saa moja asubuhi. Muuguzi akanichoma ncha ya kidole cha mkono, akaweka tone kwenye kimashine. Hakikutoa namba, kilitoa herufi mbili tu. Akasema maana yake sukari imepita kipimo chake. Mimi, mtu wa vipimo.

Akatupa karatasi ya hospitali kubwa siku hiyohiyo. Gari la mume wa Shamim. Nililala kiti cha nyuma mguu juu ya mto. Shamim aliushika njia nzima na mimi sikujua kama ameushika au ameuachia.

Nilimuwaza Yusufu. Sikuwa na machozi. Nilikuwa na swali moja tu, wataanzia wapi kukata.

Jumatano, 5 Novemba

Wodi, kitanda cha dirishani. Sindano za sukari, dripu. Kidole kidogo walikitoa jana. Niliambiwa kabla, nikatia sahihi. Shamim alitia sahihi chini yangu. Kilichobaki, daktari anasema wiki mbili ndizo zitakazosema. Ama mguu utashika nyama mpya, ama wapande juu.

Leo muuguzi alileta uzi mgumu wa plastiki, mfupi kama sindano ya kudarizi. Akasema ataugusisha sehemu mbalimbali za nyayo. "Funga macho, Muzee. Ukisikia, useme yego, ndiyo."

Nikafunga. Nikasema yego. Nikangoja kidogo, yego. Nikapima muda kama mtu anayekanyaga cherehani, yego tena. Nilitaka kufaulu. Shamim alikuwa amesimama pale.

Muuguzi akasema, "Muzee, sijakugusa bado."

Nilibaki nimefunga macho. Sikutaka kuona uso wa binti yangu.

Alhamisi, 6 Novemba

Daktari ni mama wa makamo, mkali, shingo fupi, bega la kushoto limeshuka. Koti lake limekatwa vibaya. Nilimwambia lote. Umuravumba, saumu, siki. Nikamwambia na ya Yusufu, kwamba nilikimbia koleo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza, polepole, kwa Kiswahili cha Kongo. Sukari ikikaa mwilini miaka inaua hisia za miguu. Mtu anaungua hajui, anachomwa hajui. Kidonda kikiingia hakiponi upesi. Kaka yangu alikuwa nayo, mimi ninayo, na ndugu zetu wote wapimwe. Kucha haikumuua Yusufu. Kucha ilikuwa imeingia fangasi kwa sababu mwili ulikuwa umeshachoka.

Miaka kumi na moja nimemchukia daktari wa Yusufu. Sasa sina wa kumchukia. Nimejaribu kumchukia Saidi, nimeshindwa. Yeye alisema kadiri unavyovumilia. Kwa mtu mwenye mguu ilikuwa nasaha nzuri.

Nikauliza kuhusu kucha. Akashangaa. "Nani alikwambia tutang'oa?" Walishakata kipande, kimekwenda maabara. Kidonda kikifunga, kuna mafuta ya kulainisha, unapaka unafunga kwa plastiki, kucha inalainika, inapunguzwa kwa tupa bila damu. Halafu dawa ya kupaka. Vidonge labda baadaye, baada ya kupima ini. Kisu hakimo. Akanionyesha picha ya kichupa kwenye simu.

Ni kile kilicho nyuma ya makopo ya vifungo.

Ijumaa, 14 Novemba

Bandeji kila siku. Sitazami. Muuguzi ananiambia nitazame. Natazama.

Saidi alikuja na machungwa, akakumbuka sukari, akayarudisha kwenye mfuko, akabaki nayo mapajani. Alilia yeye. Nikamwambia nyamaza, utaniamshia wagonjwa. Mama Aline alituma salamu na matango.

Ijumaa, 21 Novemba

Daktari aliinama juu ya mguu muda mrefu. Akabonyeza pembeni. Akasema nyama inashika. Nyekundu nzuri. Hapandi juu.

Shamim alikaa chini, sakafuni kabisa, na gauni lake safi. Mimi nilisema asante. Nilingoja furaha ije. Ilichelewa. Jioni nilikula chakula chote, pengine ndiyo hiyo.

Jumatano, 3 Desemba

Kagarama, kwa Shamim. Chumba cha nyuma, dirisha linatazama migomba ya jirani. Duka limefungwa. Cherehani yangu imeletwa huku na mkwe wangu ameitia mota. Inalia kama nyuki kwenye kopo. Mguu wa kulia hautakiwi kukanyaga. Nimeshona mto mmoja. Mshono umekwenda upande.

Sheria za nyumba hii. Sindano asubuhi na jioni. Viatu hata ndani. Kabla ya kuvaa, tia mkono ndani ya kiatu. Jana nilitia mkono nikakuta kifungo. Miguu itazamwe kila siku, juu na chini. Chini natumia kioo cha dukani, kile wateja walichojitazamia visigino wakati napima pindo. Udhu kwa sasa napangusa juu ya bandeji. Saidi amemuuliza sheikh, amesema sawa, na kwamba soksi zile nimpe mtu mwingine.

Jumatano, 10 Desemba

Majibu ya maabara yametoka. Fangasi. Fangasi tu, ya kawaida, ile ya kila mtu.

Nimecheka peke yangu chumbani. Si kwa furaha.

Ijumaa, 19 Desemba

Mvua ndogo. Kidonda kimefunga isipokuwa sehemu ya ukubwa wa punje ya mahindi. Daktari karuhusu tuanze na kucha.

Shamim alikuja kabla ya sala ya Ijumaa na beseni, taulo, tupa, kile kichupa, na mkasi mdogo wa mama yake. Sikumwambia ni Ijumaa. Anajua ni Ijumaa. Alikaa kwenye kigoda akaweka taulo mapajani, vilevile Zaina alivyokuwa akiliweka, upande wenye pindo ukiwa nje. Nikaligusa pindo kwa kidole. Hilo nililihisi.

Alimimina maji kwenye beseni. Akaniuliza, "Baba, yako sawa? Si moto?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Sawa kabisa. Nimelisema maisha yangu yote.

Nikamwambia sijui, mwanangu. Pima wewe.

Akakunja mkono wa gauni, akatia kiwiko, kama mtu anayetaka kumwogesha mtoto. Akangoja. Akaongeza maji baridi kidogo, akatia kiwiko tena. Kisha akaushika mguu wangu kwa mikono miwili akauingiza, na mimi nikatazama.